Ng'ombe wa Mama na Pumu ya Mwanangu

Katika nyumba niliyozaliwa, Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, tuliishi watu kumi na ng'ombe wawili. Ng'ombe nawahesabu kwa makusudi. Uchagani ardhi ni finyu. Kihamba, yaani shamba la kuzunguka nyumba, kimejaa migomba na kahawa, mahali pa kuchungia hapapo, kwa hiyo ng'ombe hukaa zizini mwaka mzima na watu ndio humfuata na majani. Zizi letu lilitenganishwa na jiko kwa mbao zilizoachana kiasi cha kupitisha mkono. Usiku uliwasikia wanavyocheua, wanavyokojoa, wanavyojigeuza. Harufu yao ilikuwa kwenye blanketi, kwenye sare ya shule, kwenye nywele zetu, na hatukujua kwamba tunanuka mpaka tulipokwenda shule ya bweni na wenzetu wakatuambia.

Mama alikamua alfajiri, mtoto mgongoni. Sisi wanane wote tulipitia kwenye mgongo ule, pua ikiwa hatua moja kutoka ubavuni mwa ng'ombe. Tulipoanza kutambaa tulitambaa juu ya udongo uliosiribwa kwa samadi. Tulipoweza kutembea tulipewa kazi: kukata majani, kubeba vigogo vya migomba, kuzoa samadi na kuipeleka shambani, mara nyingi kwa mikono mitupu kwa sababu koleo lilikuwa moja na lilikuwa la baba. Mama alikuwa na amri mbili tu kuhusu usafi, nazo alizisimamia kwa fimbo. Usiguse chakula kabla ya kunawa. Na maji ya kunywa ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yatekwe gizani, kabla watu wa juu hawajaamka wakaanza kufua na kunywesha mifugo. Mengine yote, tope, manyoya, kuku kupita juu ya mkeka, hayakumsumbua.

Sikumbuki mtoto hata mmoja wa kitongoji chetu aliyekuwa na pumu. Sikumbuki aliyevimba midomo kwa kula karanga au yai, wala aliyepiga chafya mfululizo migomba ilipotoa maua. Kumbukumbu ya mtoto si takwimu, najua. Pengine walikuwapo na ikasemwa kwamba wamerogwa, au wana kifua tu. Lakini nilipoanza kufundisha biolojia Dar es Salaam, katika darasa la wanafunzi arobaini nilikuwa na wanne au watano wenye inhela mfukoni, na swali hilo likaanza kunikaa kichwani: wale wa kwetu walikuwa wapi?

Wengine, jibu fupi, walikuwa wamekufa. Lazima niliseme hili mapema, kwa sababu utamu wa kukumbuka utoto wa kijijini una tabia ya kuwasahau wasiokua. Kaka aliyenitangulia sikumwona. Aliharisha siku chache, akaisha kabla ya kutimiza mwaka. Mama alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Nimezaa tisa, nimelea wanane," akaendelea na kazi yake. Hakuna nyumba jirani ambayo mama yake hakuwa na hesabu mbili za namna hiyo. Surua ilipita ikachukua. Minyoo tulikuwa nayo wote. Tulitoa minyoo tukahadithiana shuleni kwa majigambo, nani katoa mrefu zaidi. Funza walitutoboa vidole vya miguu.

Mwaka 1973 nikiwa darasa la pili, redio ya balozi wetu wa nyumba kumi iligeuka darasa la wazazi. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana. Baba, ambaye hakupenda mikutano, alirudi kutoka kwenye kikundi chake akachukua sururu akaanza kuchimba choo kipya, mbali na mfongo. Alichimba mpaka akapotea machoni, tukawa tunapandisha udongo kwa ndoo. Wanaume wa kitongoji walianza kushindana urefu wa mashimo. Sina shaka kabisa kwamba choo kile kiliokoa maisha ya mtu fulani katika ukoo wetu, hata kama hatutamjua ni nani.

Mambo hayo mawili, choo cha baba na zizi la mama, ndiyo yaliyonisaidia baadaye kuelewa nilichokuja kukisoma. Kimoja kilitutenga na vijidudu. Kingine kilitukalisha navyo usiku kucha. Vyote viwili vilikuwa sahihi.

Mwanangu wa mwisho alizaliwa Dar, kwa upasuaji, mwaka 1994. Tulikaa ghorofani Kijitonyama, sakafu ya marumaru, madirisha yenye wavu, watoto wawili tu ndani na mkubwa akiwa tayari shule. Udongo wa kwanza alioukanyaga ulikuwa mchanga wa ufukweni, nao akaulilia. Alipata homa kama watoto wote, na kila homa ilikwisha kwa antibayotiki, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya zahanati na maduka ya dawa, na kwa sehemu kubwa bado ndivyo ilivyo. Miezi yake ya kwanza alikuwa na pumu ya ngozi kwenye mashavu na kwenye mikunjo ya viwiko. Alipokaribia miaka mitatu alianza kukohoa usiku. Kikohozi cha saa nane, saa tisa, kikavu, kisichokwisha. Tukapewa dawa za maji za kila rangi. Kituo kimoja kilimtibu nimonia mara kadhaa mfululizo bila mtu kujiuliza nimonia gani hii inayokuja kila mara mvua inapoanza. Mpaka daktari mmoja mzee alipomwegemezea sikio mgongoni, hata kabla ya kuvaa kipimo chake, akasema, "Mama, hii ni pumu, na mtoto huyu ameteseka bure."

Majirani walinishauri nisimzoeshe inhela. Wangali wanawashauri hivyo wengine, nao wangali wananiudhi. Wanaamini inhela ni hatua ya mwisho, kwamba ukiianza huiachi, kwamba inadhoofisha moyo. Watoto wamefia mikononi mwa wazazi kwa imani hiyo. Kinachodhoofisha mtoto ni kubanwa kifua bila tiba, na ile inhela ya kila siku ya kuzuia uvimbe ndani ya njia za hewa ndiyo iliyomrudishia mwanangu usingizi na shule.

Desemba, kama Wachagga wote, tulipanda kwenda nyumbani. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mama, bibi yake, alimpokea, akambeba moja kwa moja hadi zizini kumwonyesha ndama, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo salamu ya mgeni mdogo. Haikupita nusu saa mtoto akaanza kupiga chafya. Macho yakavimba. Usiku, kuni zilipokolea na moshi ukatanda chini ya paa, kifua kikambana, kila pumzi ikitoka na mlio mwembamba, mbavu zikichomoza. Inhela ilisaidia kidogo ikashindwa. Mpwa wangu aliwasha gari tukashuka Moshi mjini kwenye barabara ya matope, na hospitalini wakamwekea kibarakoa cha mashine ya mvuke mpaka alfajiri.

Tuliporudi, mama alikuwa ameketi mlangoni hajalala.

"Mwanangu, mtoto huyu ni wa nani, asiyeweza kukaa na ng'ombe?"

"Wako, Mama. Ila amezaliwa mbali nao."

"Basi muache hapa mwaka mzima. Atazoea."

Sikumuacha. Lakini sentensi ile niliibeba miaka mingi, maana ndani yake mlikuwa na kweli moja na kosa moja, na ilinichukua muda kuvitenganisha.

Kweli yenyewe ilikuwa imeanza kuonekana Ulaya zamani. Mwaka 1873 daktari wa Manchester, Charles Blackley, mgonjwa mwenyewe wa mafua ya chavua, mtu aliyerusha tiara angani ili anase chavua na kuihesabu, alishangazwa na jambo moja: wakulima, wanaoishi katikati ya majani, ndio ambao ugonjwa huo uliwapitia mbali. Waliougua zaidi walikuwa watu wa mjini na wenye elimu. Karne moja na zaidi ikapita. Mwaka 1989 Mwingereza David Strachan alichambua habari za watoto 17,414 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958, akaona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi, hasa wakubwa zake, ndivyo alivyopungukiwa na uwezekano wa kupata mafua hayo. Mimi ni wa sita katika waliokua. Nilipoisoma hiyo nikacheka peke yangu, nikiwakumbuka wale watano walionitangulia, kila mmoja na makamasi yake, wakinipokezana.

Strachan alidhani maambukizi ya utotoni ndiyo yanayokinga. Mwaka huohuo ukuta wa Berlin ulianguka, na daktari wa Munich, Erika von Mutius, akapata nafasi ya kulinganisha Wajerumani wa pande mbili, damu moja, maisha tofauti. Alitarajia watoto wa Leipzig na Halle, waliovuta moshi wa makaa ya mawe na viwanda vibovu, wawe na pumu na mzio kuliko wa Munich. Matokeo yakawa kinyume. Wa mashariki, waliopelekwa vituo vya kulelea wangali wachanga na kuambukizana kila kitu huko, walikuwa na mzio mdogo. Cha kumheshimu mwanamke huyu ni kwamba hakuyafukia matokeo yaliyomuumbua. Aliyafuata, yakamfikisha mashambani, kwenye mazizi ya Bavaria, Austria na Uswisi.

Huko ndiko nilikomkuta mama yangu. Katika utafiti wa mwaka 2001, watoto walioingia zizini na kunywa maziwa ya nyumbani kabla ya kutimiza mwaka mmoja, waliokuja kupata pumu walikuwa asilimia 1. Wale walioanza mambo hayohayo kati ya mwaka mmoja na mitano walikuwa asilimia 11. Zizi ni lilelile. Ng'ombe ni yuleyule. Kilichotofautiana ni mtoto ana miezi mingapi anapofikishwa pale, na tafiti za baadaye zilionyesha kwamba hata mama kufanya kazi zizini akiwa mjamzito kuna mchango wake. Mama yangu akikamua na mimba, kisha akikamua na mtoto mgongoni, alikuwa anafanya jambo ambalo hakulikusudia na ambalo hakuna aliyemfundisha.

Udongo uwahi ungali maji. Hapo ndipo lilipokuwa kosa katika shauri la mama. Binti yangu wa miaka minne asingezoea. Mwili wake ulikwisha kuamua kwamba vumbi la ng'ombe ni adui, na kumwacha pale mwaka mzima kungekuwa kumweka kila usiku mbele ya kitu kinachombana. Vumbi lililomlinda mama yake lilikuwa linamuua yeye.

Ushahidi unaonikaa moyoni kuliko wote ulitoka Marekani mwaka 2016. Waamish wa Indiana na Wahutterite wa South Dakota ni vizazi vya Wakristo waliokimbia Ulaya ya kati. Asili yao inakaribiana, hula chakula cha aina moja, wana familia kubwa, hawana televisheni za kuwafungia watoto ndani. Waamish hufuga kwa mikono, kila nyumba na ng'ombe na farasi wake, na watoto hucheza bandani. Wahutterite hufuga kwa mashine katika mashamba makubwa ya jumuiya, na watoto hukaa mbali na mabanda. Pumu kwa watoto wa shule: Waamish asilimia 5.2, Wahutterite asilimia 21.3. Watafiti wakafagia vumbi la nyumba za pande zote mbili, wakawanusisha panya. Vumbi la Waamish, lenye mabaki ya bakteria karibu mara saba zaidi, liliwakinga panya wasipate dalili za pumu. La Wahutterite halikuwakinga. Nilipofika hapo niliweka karatasi mezani nikatoka nje kidogo.

Sasa, kwa nini? Nilizoea kuwaeleza wanafunzi hivi. Kinga ya mwili haizaliwi na hekima. Ina seli za kushambulia na seli za kutuliza, na hizi za kutuliza hukomaa kwa kukutana mapema na viumbe vingi visivyodhuru: bakteria wa udongo, wa mifugo, wa utumbo wa mama, wa maziwa yake. Zisipokomaa, kinga inabaki kama mgambo aliyepewa bunduki kabla ya mafunzo, inafyatulia chavua, karanga, manyoya ya paka. Risasi yenyewe ni kingamwili aina ya IgE. Inashikamana na seli fulani kwenye pua, ngozi na mapafu, na chembe ya chavua ikigusa tu, seli hizo zinamwaga histamini. Silaha hiyo mwili haukuiunda kwa ajili ya chavua. Kazi yake ya zamani ni kupambana na minyoo.

Hapa Afrika tuna la kusema, na si la pembeni. Huko Lambaréné, Gabon, mwaka 2000 ilionekana kwamba watoto wenye kichocho walikuwa na mzio mdogo wa utitiri wa vumbi kuliko wasio nacho, kwa sababu minyoo, ili iishi ndani yetu bila kufukuzwa, huituliza kinga. Watoto wa huko walipopewa dawa za minyoo mara kwa mara, mzio kwenye ngozi uliongezeka. Entebbe, Uganda, wajawazito wapatao 2,500 waliingizwa kwenye utafiti wa dawa za minyoo, na watoto ambao mama zao walimeza albendazole walipata pumu ya ngozi zaidi ya wengine. Ukisoma hayo mawili tu utataka kurudisha minyoo nyumbani. Lakini watafiti haohao wa Uganda walipokwenda visiwani katika Ziwa Victoria, wakawapa watu dawa kwa wingi miaka mitatu, mzio haukuongezeka. Jambo ni gumu kuliko linavyosimuliwa. Na mimi niliyewahi kutoa minyoo nikiwa darasani, mbele ya wasichana wenzangu, sitashabikia kurudi kwake hata ikithibitishwa nini.

Wakenya nao, miaka ya 1990, waliwapima watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a kwa kuwakimbiza kisha kuwapima pumzi. Wa mjini ndio waliobanwa zaidi. Na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wanaokula mizizi, asali na nyama ya porini, wamekutwa na aina za bakteria tumboni ambazo kwa watu wa nchi za viwanda ni adimu au zimetoweka. Bakteria kama hao ndio wale ambao Graham Rook wa London, mwaka 2003, aliwaita marafiki wa kale: viumbe tulivyoishi navyo tangu enzi za uwindaji, ambavyo mwili unavitegemea katika malezi yake. Katika orodha ya Rook kipindupindu hakimo. Surua haimo. Magonjwa hayo ni mageni, yalikuja watu walipoanza kujazana, na hayafundishi kitu zaidi ya kuzika.

Nalikazia hili kwa sababu kila baada ya miezi kadhaa napokea kwenye simu ujumbe ule: waacheni watoto wale uchafu, sabuni ndiyo inayowaua, chanjo zinadhoofisha. Anayeutuma kwa kawaida ana choo cha kuvuta maji na bima ya afya. Tanzania, katika utafiti wa kitaifa wa 1999, watoto 147 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Katika ule wa 2022 walikuwa 43. Tofauti hiyo imetokana na chanjo, vyandarua, maji yenye chumvi na sukari kwa anayeharisha, vyoo, mikono iliyonawa. Hakuna ng'ombe anayeweza kushindana nayo. Chanjo, kwa hakika, ni namna nyingine ya kuifundisha kinga, na ya upole kuliko zote.

Tena si kila uchafu una mwalimu ndani yake. Mende, panya, ukungu wa ukuta unaovuja, moshi wa taka, hivyo vimejaa katika mitaa yetu iliyobanana na havijawapa watoto wa huko mapafu mazuri. Huko Marekani imeonekana tangu 1997 kwamba watoto wa mitaa maskini ya miji mikubwa wenye mzio wa mende na wanaoishi nao ndio waliolazwa zaidi kwa pumu. Mtu anayeufananisha mtaa kama Manzese ya Dar es Salaam na zizi la Kibosho hajalala popote kati ya hapo pawili.

Na zizi la Kibosho nalo lilikuwa na upande wake wa giza, tena giza lenyewe lilikuwa jeusi na lilining'inia chini ya paa: masizi. Jiko letu lilikuwa mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na bomba la moshi. Mama, aliyemlinda kila mtoto wake na pumu bila kujua, aliondoka duniani na mapafu yaliyochoshwa na moshi, akikohoa kikohozi ambacho hakuna ng'ombe angekizuia. Maziwa nayo tuliyanywa mabichi. Leo sitampa mtoto maziwa yasiyochemshwa, hata kama watafiti wa Ulaya wanayasifia. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe si hadithi kwetu, na nilikuwa na mjomba aliyeumwa viungo na homa za kupanda na kushuka mpaka akaacha shamba.

Mfano unaonifurahisha, kwa kuwa hauna tope wala moshi, ni wa karanga. Kwa miaka mingi wataalamu wa nchi tajiri waliwaambia wazazi wasiwape watoto karanga. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mtoto aliye hatarini asubiri hadi miaka mitatu. Mzio wa karanga ukazidi kuongezeka. Gideon Lack na wenzake London waligundua kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio huo takriban mara kumi ya wenzao wa Israel, ambako watoto wachanga hutafuna vitafunwa vya karanga vinavyoyeyuka mdomoni. Wakawachukua watoto 640 wenye dalili za mwanzo za mzio, nusu wakapewa karanga, nusu wakanyimwa. Walipofika miaka mitano, mwaka 2015 ikatangazwa: walionyimwa, asilimia 17.2 walikuwa na mzio. Waliokula, asilimia 3.2. Ushauri wa zamani ukageuzwa kichwa chini. Wakati huo wote bibi zetu walikuwa wanatwanga karanga na kuzitia kwenye uji wa mtoto wa miezi sita bila kuitisha mkutano. Nzima hawakumpa, zinakaba. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi aonwe na daktari kwanza.

Binti yangu sasa ana mimba ya kwanza, na amenisoma vya kutosha kunihoji kwa hoja zangu mwenyewe. Ananiuliza: kama mwaka wa kwanza ndio wenye uzito, na kama mtu mwenye pumu kama yeye ana uwezekano mkubwa wa kuzaa mtoto wa namna yake, kwa nini asiende Kibosho kujifungua na kukaa huko miezi ya mwanzo, kama walivyofanya wanawake wote wa ukoo? Nikamkumbusha Desemba ile. Akanijibu kwamba nyumba si ile tena.

Ni kweli. Ndugu yangu wa mwisho, aliyerithi kihamba kwa mila ya kwetu kuwa mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, amejenga nyumba ya tofali mbele na zizi la saruji nyuma yake, hatua thelathini kutoka dirishani. Samadi inaingia kwenye mtambo wa bayogesi, na wifi yangu anapika kwa gesi ya ng'ombe. Moshi umetoweka jikoni. Maji yanatoka bombani. Ng'ombe yupo, masizi hayapo. Sidhani kama mtafiti wa Munich angeweza kupanga vizuri zaidi, ingawa simdanganyi binti kwamba hayo ni dhamana. Nimemwambia kuwa watoto wa mashambani nao wapo wanaougua pumu, ni wachache tu, na kwamba kumnyonyesha mtoto, kumkinga na moshi na kutompa antibayotiki kwa kila mafua ni mambo anayoweza kuyafanya hata akibaki ghorofani.

Tulibishana kwa simu kwa muda. Mume wake naye alikuwa na yake. Mwisho wamekubaliana hivi: atajifungulia hospitali Moshi mjini, kisha apande Kibosho mtoto akishapata chanjo za mwanzo. Yeye mwenyewe hatakanyaga zizini, na inhela zake zote mbili zitakuwa mkobani. Mtoto atabebwa na wifi yangu wakati wa kukamua, asubuhi na jioni, na akirudi khanga zibadilishwe kabla hajarudishwa kwa mama yake. Maziwa ya mtu yeyote yachemshwe. Mume akaongeza la kwake, kwamba hata maji ya kumwogeshea mtoto yachemshwe kisha yapoe. Wifi yangu amepokea masharti yote kwa simu, ametulia, kisha amesema hilo la maji ya kuoga ni la mtu ambaye hajawahi kuogesha mtoto. Atachemsha, lakini kwa sababu ya baridi ya Julai.